Duara Moja, Winchi Moja: Namna ya Kuanza Kujifunza Ukokotoaji Sambamba Ukiwa na Laptopu ya Kawaida



Ukitaja ukokotoaji sambamba pale kwenye vimbweta, watu wengi wanahama mada. Wanadhani ni mambo ya watu wa uhandisi wa kompyuta huko Dar, au ya Wazungu wenye kompyuta zinazojaza ukumbi mzima. Mimi nasoma ualimu, Hisabati na TEHAMA, na laptopu yangu ni ya mkononi, nimeinunua kwa hela ya boom. Kwenye makala hii nataka kueleza somo hili ni nini, linaanzwaje, na vitabu gani vya bure vinafaa. Nataka pia kusema kwa nini sisi tuliokulia Shinyanga, Kahama na Geita tuna sababu ya ziada ya kulisoma.

KITU CHENYEWE NI NINI?

Zamani, ukitaka programu yako iende haraka zaidi, ulikuwa unasubiri prosesa mpya itoke. Kila mwaka prosesa ilikuwa inaongezeka kasi. Kufikia kama 2005 mchezo huo uliisha, kwa sababu prosesa za kasi zaidi zilikuwa zinachemka mno. Watengenezaji wakaacha kumwongezea kasi mfanyakazi mmoja, wakaanza kuweka wafanyakazi kadhaa ndani ya prosesa moja. Wafanyakazi hao ndio tunaowaita viini. Laptopu nyingi za hapa chuoni zina viini viwili au vinne, na simu nyingi za mkononi zina vinane.

Sasa tatizo ni hili. Programu ya kawaida unayoandika kwenye kozi ya mwaka wa kwanza inatumia kiini kimoja tu, vingine vimekaa vinapiga stori. Ukokotoaji sambamba ni ufundi wa kuigawa kazi ili viini vyote vifanye kwa pamoja, na majibu yatoke sahihi. Ukichukua mashine nyingi za namna hiyo ukaziunganisha kwa nyaya za mtandao unapata klasta. Ukiwa na klasta kubwa sana, hiyo ndiyo kompyuta kuu.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1922 Mwingereza Lewis Fry Richardson aliandika kitabu kuhusu kutabiri hali ya hewa kwa hesabu. Humo aliwaza ukumbi mkubwa wenye watu 64,000, kila mmoja akikokotoa kipande chake cha dunia, na katikati yuko msimamizi anayewamulika kwa taa waliokwenda mbele mno na waliobaki nyuma. Hapo tayari kuna kugawa kazi, kupeana taarifa na kusubiriana. Mpaka leo ugumu wa somo uko kwenye mambo hayohayo matatu.

WINCHI NI MOJA

Aliyewahi kufika kwenye maduara ya wachimbaji wadogo atanielewa haraka hapa. Tuseme kazi ya siku ni saa 10. Saa 9 ni za kuchimba na kujaza viroba kule chini, na saa 1 ni ya kuvitoa viroba kwa winchi. Mdomo wa duara ni mmoja na winchi ni moja.

Ukiweka wachimbaji 3, uchimbaji unachukua saa 3, ukiongeza saa 1 ya winchi unapata saa 4. Umeongeza watu mara 3, kasi imeongezeka mara 2.5. Ukiweka 9, ni saa 1 ya kuchimba na saa 1 ya winchi, jumla saa 2, yaani kasi mara 5. Ukiweka 90, uchimbaji unakuwa dakika 6, lakini winchi bado ni saa 1. Jumla dakika 66, kasi mara 9 na kidogo. Hata ukileta Katoro nzima ishuke duarani, huwezi kufika mara 10, maana ile saa 1 ya winchi haigawiki.

Hesabu hii inaitwa kanuni ya Amdahl. Gene Amdahl, mhandisi wa Kimarekani, aliitoa hoja yake mwaka 1967. Ndilo jambo la kwanza la kujiuliza kabla hujaanza kuhangaika na nyuzi na klasta: kwenye programu yangu, winchi ni ipi? Mara nyingi ni kusoma faili, kuandika majibu, au hatua ambayo lazima isubiri hatua iliyotangulia.

Mwaka 1988 John Gustafson akaongeza jambo la kutia moyo. Alisema watu wakipewa mashine kubwa hawafanyi tena kazi ileile ndogo, wanachukua kazi kubwa zaidi. Yaani ukipata wachimbaji 90 hutawaweka kwenye mwamba wa watu 3, utafungua njia nyingi zaidi kule chini. Kwa hiyo kompyuta kubwa zina maana, ila ujue umezileta kwa kazi gani.

DAFTARI LA VIROBA

Kosa linalowasumbua wanafunzi wengi wa somo hili ni la kuandika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Fikiria makarani wawili wana daftari moja la kuhesabu viroba. Daftari linasema 40. Karani wa kwanza anasoma 40. Kabla hajaandika, wa pili naye anasoma 40. Wa kwanza anaandika 41, wa pili naye anaandika 41. Viroba viwili vimetoka, daftari limeongezeka kimoja. Kwenye mgawo hapo panawaka moto.

Kompyuta inafanya hivyohivyo viini viwili vikiongeza namba moja bila utaratibu. Ubaya wake ni kwamba hutokea mara moja moja. Utaendesha programu mara 20 ikatoa jibu sahihi, ya 21 ikakudanganya. Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kufuli: anayetaka kuandika analishika daftari, mwingine anasubiri. Ya pili ni bora zaidi kwa kasi: kila karani awe na daftari lake, mwisho mjumlishe.

Na mkijumlisha, usishangae tarakimu za mwisho kabisa zikitofautiana kidogo na zile za programu ya kiini kimoja. Kompyuta inakata desimali, kwa hiyo mpangilio wa kujumlisha unabadilisha jibu kidogo. Jaribu 0.1 + 0.2 kwenye Python uone. Kwenye ukokotoaji wa namba tunalinganisha majibu kwa kiwango cha tofauti kinachokubalika, hatudai yafanane tarakimu kwa tarakimu.

MAJEMBE YA BAGOBOGOBO

Kuna usambamba wa aina nyingine ndani ya kiini kimoja. Wasukuma wenzangu mnaijua ngoma ya bagobogobo: mstari wa watu, ngoma inapigwa mara moja, majembe yote yanapanda na kushuka pamoja. Amri ni moja, majembe ni mengi. Prosesa za leo zina maagizo ya namna hiyo: agizo moja la kujumlisha linajumlisha namba 4 au 8 kwa mpigo. Kadi za michoro, zile GPU ambazo wengine wanazitaka kwa ajili ya gemu, zimejengwa kwa mtindo unaokaribia huo, zikiwa na majembe maelfu. Ndiyo maana zinafaa kwa matriki, na ndiyo maana hazifai kwa kazi ambayo kila jembe linataka kwenda njia yake.

Halafu kuna jambo la umbali. Mawe yako duarani, karasha liko mbali. Ukibeba jiwe moja moja kwa bodaboda, karasha litakaa bila kazi siku nzima. Mwenye akili anajaza Fuso, analeta shehena, anaisaga yote ndipo anarudi. Ndani ya kompyuta, kumbukumbu kuu ndiyo duara, na kiini ndicho karasha.

Mfano mzuri kuliko yote niliyosoma ulichapishwa na Charles Leiserson wa MIT na wenzake kwenye jarida la Science mwaka 2020. Walizidisha matriki mbili zenye safu 4,096 kwa 4,096. Programu rahisi ya Python ilichukua sekunde kama 25,552, yaani zaidi ya saa 7. Ileile kwa lugha ya C ilichukua sekunde 543. Walipoigawa kwa viini 18 ikashuka hadi 70. Walipopanga vizuri safari za kumbukumbu ikashuka hadi sekunde 3.8. Walipotumia maagizo ya majembe mengi ikafika sekunde 0.41.

Angalia vizuri. Kutoka 543 hadi 70 ni karibu mara 8, ingawa viini vilikuwa 18. Kutoka 70 hadi 3.8 ni zaidi ya mara 18, na hapo hakikuongezwa kiini hata kimoja. Fuso ilishinda wingi wa watu.

DHAHABU INAKOKOTOLEWA

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha mkoani Geita, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza: "Mwalimu, kampuni zinajuaje dhahabu iko chini kabla hazijachimba?" Kabla sijajibu, mwenzake wa dawati la nyuma akasema, "Si wana waganga wakubwa kuliko wetu." Darasa likacheka.

Mimi sikucheka sana. Sote tuliokulia ukanda huu tunajua imani hiyo imefikisha watu wapi. Tulikuwa watoto wakati watu wenye ualbino wanauawa Kanda ya Ziwa, na sehemu ya sababu ilikuwa ni uongo wa waganga kwamba viungo vyao vinaleta bahati kwenye dhahabu na samaki. Kwa hiyo swali la huyo mtoto linastahili jibu kamili, na jibu lenyewe ni hesabu.

Hesabu hiyo ilianzia Afrika. Danie Krige, mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini, mwaka 1951 aliandika tasnifu yake ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand kuhusu kukadiria dhahabu kwa kutumia sampuli chache. Mfaransa Georges Matheron akaijengea nadharia kamili, na mbinu ikabaki na jina la Krige. Inafanya hivi: unachoronga mashimo, unapima dhahabu kwenye sampuli, kisha unaugawa mwamba mzima kwa mawazo kuwa bloku ndogondogo. Kwa kila bloku unachukua sampuli zilizo jirani na kutafuta kila sampuli ipewe uzito gani. Uzito huo unatokana na jinsi dhahabu inavyobadilika kwa umbali kwenye mwamba huo.

Kutafuta uzito ni kutatua milinganyo ya pamoja, ileile tuliyoanza nayo sekondari ya x na y. Ukiwa na sampuli 20 kwa bloku unapata milinganyo 21. Kuitatua kwa kuondoa kunahitaji mazidisho takriban 21 × 21 × 21 ÷ 3, yaani kama 3,000. Mgodi wenye bloku milioni moja unataka mazidisho kama bilioni 3. Wataalamu wakitaka kujua ukubwa wa mashaka, wanatengeneza picha 100 tofauti za mwamba, na kazi inapanda tena.

Sasa angalia uzuri wake: makadirio ya bloku moja hayasubiri makadirio ya bloku nyingine. Hakuna daftari la pamoja. Unaweza kumpa kila mfanyakazi fungu lake la bloku akaondoka nalo. Zile picha 100 ni tofauti kidogo, maana ndani ya picha moja kila nukta inategemea zilizotangulia, ila picha na picha hazitegemeani, kwa hiyo unagawa kwa picha. Mgodi wa Geita uliofunguliwa 2000, Bulyanhulu, na migodi mingine yote mikubwa inaanza na makadirio ya bloku kabla ya kulipua mwamba.

Mchimbaji mdogo hana hesabu hiyo. Anafungua duara kwa kubahatisha, akikosa anahamia jingine, na deni la matimba na chakula linamfuata. STAMICO wana mitambo ya uchorongaji kwa ajili ya wachimbaji wadogo, hilo ni jambo jema. Lakini sampuli zikishatoka lazima awepo mtu wa kuzifanyia hesabu na kumweleza mwenye duara kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma, namba zinasema nini. Sioni kwa nini mtu huyo asitoke kwenye darasa la shule ya kata ya Katoro au Msalala. Lakini hatatoka huko kama mwalimu wake wa Hisabati mwenyewe hajui hesabu hii ipo.

VYA KUSOMA, NA KWA MPANGILIO GANI

Sijakutana na kitabu cha Kiswahili cha somo hili, vyote hivi ni vya Kiingereza. Ushauri wangu: uwe na daftari la maneno, kila neno geni liandikie maelezo yako ya Kiswahili. Ukishindwa kulieleza, hujalielewa bado.

Kwanza, soma mafunzo ya utangulizi ya maabara ya taifa ya Lawrence Livermore ya Marekani, yaliyoandikwa na Blaise Barney. Ni ya bure na ni ya kusoma tu, kwa hiyo hayali bando sana. Yanafaa kwa wiki ya kwanza, hata kwa simu.

Pili, kozi ya MIT namba 6.172 ya mwaka 2018, iliyofundishwa na huyohuyo Leiserson pamoja na Julian Shun. Video, maelezo na mazoezi yote ni bure kwenye OpenCourseWare. Video ni nzito. Mtu mmoja azipakue usiku kwa bando la chuo, wengine mgawane kwa flashi. Mihadhara miwili ya mwanzo inatosha kukubadilisha namna unavyoandika msimbo.

Tatu, vitabu vya Victor Eijkhout wa kituo cha kompyuta kuu cha Texas. Kimoja kinahusu ukokotoaji wa kisayansi, kingine MPI na OpenMP. Ni PDF za bure kutoka kwa mwandishi mwenyewe, kwa hiyo huhitaji desa la wizi. Ni vizito, chukua sura unayoihitaji. Anayependa kitabu cha hatua kwa hatua atafute cha Peter Pacheco kwenye maktaba.

OpenMP na MPI ni nini? OpenMP, iliyotoka 1997, ni ya viini vilivyo ndani ya mashine moja vinavyotumia kumbukumbu moja, yaani makarani wa duara moja. MPI, iliyotoka 1994, ni ya mashine tofauti zinazotumiana ujumbe, yaani duara na duara zikipigiana simu. Anza na OpenMP. Anayetumia Python aanze na NumPy, kisha Numba, na baadaye mpi4py.

Nne, kama laptopu yako imechoka, Google Colab inakuazima mashine, mara nyingine pamoja na GPU, bila malipo. Ina mipaka ya muda na inaweza kukukata katikati, kwa hiyo hifadhi majibu kila baada ya hatua. Tabia hiyo itakusaidia hata nyumbani umeme ukikatika.

ZOEZI LA KUANZIA

Usisome wiki nne bila kuandika kitu. Hili hapa zoezi la kwetu.

Tengeneza kwa namba za kubuni mashimo 200 ya uchorongaji, kila moja likiwa na mahali pake na kiasi cha dhahabu. Tengeneza bloku 1,000,000. Kwa kila bloku, kadiria dhahabu kwa wastani ambao shimo la karibu lina uzito mkubwa kuliko la mbali: uzito uwe 1 gawanya kwa umbali wa kipeo cha pili. Hii ni rahisi kuliko mbinu ya Krige na inatosha kujifunzia.

Andika kwanza kwa kitanzi cha kawaida cha Python, upime muda kwa bloku 10,000 tu. Halafu andika kwa NumPy. Angalia kumbukumbu: umbali wote ni milioni 200, na kila mmoja unachukua baiti 8, kwa hiyo ukizihifadhi zote kwa mpigo unahitaji gigabaiti 1.6. Laptopu ya gigabaiti 4 itaganda. Gawa mafungu ya bloku 10,000, kila fungu litachukua megabaiti 16 tu. Mwisho tumia Numba na kitanzi chake sambamba, ujaribu kwa kiini 1, 2 na 4.

Kabla ya kufurahia kasi, linganisha majibu. Programu ya haraka inayokosea haina faida. Kisha chora grafu ya viini na kasi. Kama viini 4 havikukupa mara 4, andika sababu unazozidhania: winchi, Fuso, au laptopu kuchemka na kujipunguza kasi yenyewe. Ukurasa huo mmoja wa sababu utakufundisha kuliko sura tatu za kitabu.

MASHINE KUBWA ZIKO WAPI?

Ukifika mahali laptopu imekuwa ndogo, usidhani lazima upande ndege. Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha ilipata kompyuta kuu iitwayo PARAM Kilimanjaro kutokana na ushirikiano na India. Jina PARAM lina historia. India iliponyimwa kompyuta kuu ya Marekani iliyoitaka, ilianzisha kituo chake cha C-DAC mwaka 1988, na mwaka 1991 ikatoa PARAM 8000 yake yenyewe kwa kuunganisha prosesa nyingi.

Afrika Kusini nao wana kituo cha CHPC huko Cape Town, ambacho huandaa wanafunzi wa shahada ya kwanza kwa mashindano ya kujenga klasta. Mwaka 2013 timu yao ilikwenda Leipzig, Ujerumani, ikashinda vyuo vya mabara mengine, na mwaka 2014 ikashinda tena. Hao walikuwa wanafunzi kama sisi, wenye mitihani na sapu kama sisi.

Wenzangu wanne na mimi tumeanza kusoma pamoja kila Jumamosi saa 4 asubuhi kwenye maabara ya kompyuta ya kampasi, na ikifungwa tunahamia kimbweta cha karibu na soketi. Tuko kwenye zoezi la bloku sasa hivi. Video za mihadhara tayari ziko kwenye flashi, njoo na yako yenye nafasi ya gigabaiti 8. Wa Historia na Kiswahili mnakaribishwa pia, tena mnahitajika, maana lile daftari la maneno limefika neno la 60 na bado tunabishana tuiite nini kumbukumbu ile ndogo iliyo karibu na kiini.